Breki ya nyuma ya mzee haikazwi mpaka mama akae

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Haya yametokea nyumbani kwetu Ifakara mwezi uliopita. Wanaonijua humu wanajua siamini kitu mpaka nikipime, kwa hiyo chumvi sitaongeza.

Mzee wangu ni bwana shamba mstaafu. Ana pikipiki ya zamani kuliko mimi, imemfikisha mpaka Masagati enzi ambazo barabara ilikuwa jina tu. Breki zake ni za drum, zile ambazo shuu zinatanuka ndani ya bakuli la chuma katikati ya gurudumu, mbele na nyuma.

Masika ya mwaka jana aliteleza nayo njia ya Michenga akiwa amempakia mama. Gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka kwenye tope, wakaenda chini. Mama aliumia goti. Goti lilipona, ila pikipiki hakuipanda tena. Akienda kwa dada yake Michenga anaita bodaboda, mzee anabaki mlangoni anaiangalia inavyoondoka.

Hilo ndilo lililoniuma. Digrii ninayo, kazi bado natafuta, muda upo. Nikasema naitengeneza hii breki mpaka mama arudi kuipanda.

Nikafungua gurudumu la nyuma. Breki shuu zilikuwa zimelika upande. Nikaweka mpya, nikazipitisha msasa kidogo, nikapaka grisi kiduchu kwenye kile kichuma kinachozitanua. Angalizo: grisi ikigusa breki shuu, kazi umeiharibu.

Kabla sijakaza ekseli, mzee akaniambia nikanyage breki na niishikilie hivyohivyo, ili shuu zijikalie katikati. Nikabisha. Nikakaza bila kukanyaga, gurudumu likawa linakwaruza. Nikalegeza, nikakanyaga, nikakaza. Likazunguka kimya.

Sawa, moja kwake.

Ikabaki nati ya mwisho, ile inayoamua pedeli ishuke kiasi gani kabla breki haijashika. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, nikaipa nafasi ya vidole viwili. Safi kabisa.

Mzee akasema bado.

"Mwite mama yako akae."

Nikacheka. Nilidhani anatafuta njia ya kumpandisha. Nikamuuliza breki na mama vinahusianaje, akasema ndivyo wanavyofanya miaka yote. Kwangu hilo si jibu. Mama mwenyewe, aliyekuwa anapepeta mchele barazani, akasema hakai.

Kesho yake nikaipakia gunia la mpunga kutoka Katindiuka. Nafika nyumbani nasikia harufu ya kuungua. Kugusa drum, ikanibabua vidole.

Nikachukua rula. Gunia likiwa juu, pedeli haina nafasi hata ya kidole kimoja, breki inajishika yenyewe. Gunia likiwa chini, vidole viwili vimerudi. Nikarudia mara tatu, majibu yaleyale.

Kumbe uzito ukiilalia pikipiki nyuma, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedeli kwenda kwenye gurudumu kinavutika. Ukikaza breki ikiwa tupu, ukipakia mtu imezidi. Mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo, ila hakuwahi kujua kueleza kwa nini.

Nikawaeleza wote wawili pale barazani, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. Mzee hakufurahi. Akawa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama Tumaini," akasema, "ile safari ya Michenga breki niliikaza peke yangu. Wewe ulikuwa msibani, nikaona uvivu kusubiri."

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Najua. Nilipokaa tu niliisikia imekaza. Nimengoja mwaka mzima useme wewe."

"Si ungeniambia palepale?"

"Wewe ukiwa juu ya hiyo pikipiki unamsikiliza nani?"



Mama akaweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri, akaja. Mzee akakaa mbele, yeye akakaa nyuma kiupande, mkono begani kwa mzee. Mimi chini na spana. Nikalegeza nati kidogo kidogo huku mzee akikanyaga pedeli. Nilipouliza kama imetosha, mama ndiye aliyejibu.

"Legeza tena. Tangu mwaka jana nimenenepa."

Mzee akacheka mpaka pikipiki ikatikisika.

Jumapili walikwenda Michenga. Waliporudi jioni nikagusa drum kabla hata ya kuwapokea mizigo. Vuguvugu tu.

Nilichojifunza wakuu: mzee akishindwa kukueleza sababu, haina maana kwamba sababu haipo. Pima kwanza, ubishe baadaye. Ila kuhusu kumwambia mtu wako "kosa lilikuwa langu", hilo rula yangu haifiki, na mzee wangu lilimchukua mwaka.

Karibuni mniongezee. Wenye mashine za drum humu, nyie mnakaza breki nani akiwa amekaa nyuma?