Upande wa Kusini

Laurean Kaswende hajui kutulia. Katika miaka kumi na tisa ya Marekani amehama mara saba, zote kandokando ya Washington: mara Annandale, mara Oxon Hill, mara Annandale tena, na sasa Beltsville. Amesukuma vitanda vya wagonjwa, ameendesha teksi, ameosha vioo vya maghorofa. Mkewe, Euphrasia, anasema hata ugali anaula kama mtu anayesubiriwa na gari nje. Ukimuuliza, atakwambia anatafuta kazi inayomfaa. Muongo! Mwenyewe hajui anatafuta nini.

Mwanzoni mwa Aprili alidhani amekipata. Alikuwa kwenye kikosi cha kuchoma mbuga, maana huko nyasi huchomwa makusudi ili vichaka visizimeze na maua yapate kuota. Misimu miwili alikuwa mtu wa kuvuta mpira wa maji tu. Siku hiyo Kiplagat, Mkenya aliyekuwa kiongozi wao, akamkabidhi lile kopo la mdomo mrefu linalodondosha mafuta yanayowaka. Akalipokea kwa mikono miwili. Kwao Inyonga, baba yake, mrina asali, alichoma pori kila mwaka nyasi zikiwa bado na ubichi chini, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa kibiriti.

Asubuhi hiyo walikuwa na mgeni, mama mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, ambaye kila mtu alimwita Shangazi Noreen. Alikuja kuwaonyesha jinsi watu wa kwao wanavyochoma. Hakuhutubia. Alipiga magoti, akapenyeza vidole kwenye nyasi, akapima unyevu. Moto uwashwe sehemu moja, alisema, utembee taratibu, na upande mmoja uachwe wazi ili wanyama watoke. Wakakubaliana uwe wa kusini. "Na aliyewasha asidhani amemaliza," aliongeza. "Ardhi inamtunza, naye aitunze." Laurean alihisi anamsikia baba yake akisema Kiingereza. Alishindwa hata kusimama mahali pamoja.

Moto ukajikokota. Kibali chao kilikuwa kinaisha saa kumi, na saa tisa na nusu sehemu kubwa ya mbuga ilikuwa haijaguswa. Shangazi Noreen alikuwa ng'ambo ya mbuga, akiufuata moto, na Kiplagat akaanza kutazama saa kila dakika.

"Laurean, zunguka huko south, ufunge. Tumalizane na hii kitu."

"Kaka, huko ndiko tulikoacha wazi. Mama amesema..."

"Mama anarudi kwao Friday. Mimi ndio nita-explain kwa ofisi. Ama nipee mtu mwingine hiyo kopo?"

Laurean hakutaka kurudi kwenye mpira. Hilo tu. Akaenda. Alitembea ukingo wote wa kusini akidondosha moto, moyo unamwambia simama, miguu inaendelea. Moto ulipokutana na mwenzake ulinguruma, na baada ya muda mfupi mbuga yote ikawa nyeusi. Wenzake wakapiga makofi.

Majivu yalipopoa, Shangazi Noreen aliingia peke yake, akainama karibu na ukingo wa kusini. Walipomfikia waliona kobe watatu, wameungua. Wote walikuwa wameelekea nje, na walikuwa wamebakiza hatua chache tu.

"Upepo uligeuka," Kiplagat alimwambia haraka.

Laurean angeweza kunyamaza. Tayari alikuwa anaiwaza kazi ya bohari ambayo shemeji yake alimtajia. Jumatatu angekuwa huko, na habari ya kobe ingeishia hapo. Lakini aliliweka lile kopo chini.

"Si upepo," alisema. "Ni mimi. Nilijua, na nikawasha."

Alitamani atukanwe. Shangazi Noreen hakumtukana.

"Unakaa mbali?"

"Dakika ishirini."

"Basi uje kesho. Na kesho kutwa. Uangalie nini kinaota hapa, na nini kimekataa."

"Mpaka lini?" Laurean aliuliza.

Yule mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, kwani katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza kuitunza ardhi kunaisha lini.