Jina Ambalo Hassani Hakulitaja

Siku ile mimi na Hassani tulipanda pikipiki moja kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, begi langu la jeshi likiwa katikati yetu, naye akanicheka njia nzima. Hassani alikuwa mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kaka yangu, fundi pikipiki asiyejua kunyamaza. Aliona ni kichekesho kwamba mtu wa Nandagala aliyekulia kwenye mbaazi na ufuta anakwenda kuwa mwanamaji kwenye kambi mpya.

"Chilumba, ukizama usiwaambie kwenu ni wapi," aliniambia stendi ya Nachingwea. "Utatuaibisha."

Yeye mwenyewe alikuwa njiani kuvuka Ruvuma. Ng'ambo, alisema, pikipiki ni nyingi na mafundi wachache. Akichoka angerudi kwa njia ya bahari, apitie kambini nimpe samaki. Vita vya huko vilikuwa bado habari za redioni. Tulikula mihogo ya kuchoma tukiwa tumesimama, kisha basi langu likaondoka.

Chilumba ni jina langu la jando. Kwetu mtoto akitoka jandoni, jina la utotoni linabaki huko. Kumwita nalo mtu mzima ni tusi, na kulitaja mbele ya wanawake ni sawa na kumvua nguo. Langu lilikuwa Makapi. Mama alizika watoto kabla yangu, akanipa jina hilo ili kifo kinione si kitu, kinipite. Lakini nilianza shule kabla ya jando. Mwalimu akaandika Makapi, vyeti vikafuata, na jeshi nalo likachukua lilichokikuta. Leo naliandika bila haya. Haya imeshanigharimu vya kutosha.

Kambi ilikuwa bado inanuka rangi. Tulilala kwenye makontena. Milango ya vyoo ilikuwa haijaletwa, kwa hiyo mtu alikohoa ili mwenzake ajue kuna mtu. Mbele yetu bahari, nyuma mikoko na tope, na barabara ilikuwa moja tu, ya vumbi. Mtu wa kwanza kunisogelea alikuwa Komba, Mngoni wa Songea, ambaye kwa sisi Wamwera ni mtani. Alisoma jina kwenye sare yangu, akatabasamu hadi gego la mwisho.

"Makapi. Na mchele umeuacha wapi?"

Nilicheka, maana kwa mtani huna pa kushitaki. Kambi nzima ikanijua kwa jina hilo. Waliponiuliza kwetu nilijibu Nachingwea, kwa kuwa Nandagala nani anaijua. Hakuna aliyeuliza kama nina jina jingine, nami sikuona sababu ya kulitaja.

Walinipa injini za boti ya doria. Nilijifunza kutembea juu ya kitu kinachotembea, nilitapika, nikazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kubanwa. Mvua zilipoikata barabara, likizo zikafutwa. Kisha vita vikasogea, mnara wa simu ukanyamaza, na sikuwa na njia ya kujua Hassani yuko wapi. Kila jioni nilitembea kutoka maji hadi tope na kurudi, nikijiona kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Wakimbizi walianza kuja kwa mitumbwi na mashua. Wauaji nao walikuwa wakija kwa vyombo hivyohivyo, wamevaa nguo hizohizo, kwa hiyo tulitandaza kamba ya maboya mbele ya gati. Hakuna chombo kilichoruhusiwa kuivuka kabla ya kukaguliwa. Aliyekuwa na ndugu kambini alimtaja, ndugu akaitwa kumtambua, na chombo chake kikaingia mapema. Wengine walisubiri nje, wakati mwingine kutwa nzima. Niliona ni utaratibu mzuri. Hata sasa nikiufikiria sioni ungefanywaje tofauti.

Mchana mmoja tuliamriwa kuiweka boti tayari. Nilishuka chumba cha injini, nikaziba masikio, nikawasha. Mfuniko ukafungwa kwa juu, kama kanuni ilivyotaka hali ikiwa mbaya.

Joto lilipanda. Sikusikia kitu ila injini.

Kisha nikahisi vishindo kwenye bati, ubavuni, karibu na bega langu. Nikadhani ni mawimbi.

Vikaja vingine. Havikuwa mawimbi.

Nilisukuma mfuniko. Haukufunguka.

Nilipiga ngumi, nikapiga kwa spana, nikaita. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikamwita mama.

Waliponifungulia, mapigano yalikuwa yamekwisha. Nje ya maboya mashua moja ilielea kifudifudi, na kandambili zilikuwa zikija gatini moja moja. Tulivuta watu majini hadi jua likaelekea kuzama. Nilimgeuza mwanamume mmoja nikaona kidole cha shahada kimekatika nusu. Kidole hicho kilikatwa na mnyororo wa pikipiki, Ruangwa, mimi nikiwepo.

Tulimzika Hassani kwao Matambarale. Matanga yakiwa bado hayajaondolewa, alifika mwanamke aliyeitwa Mama Anifa. Naye alikuwemo kwenye ile mashua, akaokoka kwa kuishika kamba ya maboya. Alikaa na mama mkubwa, kisha akanitazama.

"Wewe ndo Chilumba?"

Nikaitika.

"Alikuulizia. Alimwambia yule askari, namtaka Chilumba wa Nandagala. Askari akasema hapa hayupo huyo. Sisi tukamwambia, labda wanamwita vingine. Akasema jina lingine lipo, ila halisemwi, akina mama mmejaa humu. Akasema tungoje, zamu ikibadilika atamuuliza mwingine."

Hawakungoja sana. Boti za wale wauaji zilitokea nyuma ya mikoko.

Askari wa zamu ile alikuwa Komba. Nilipomweleza alikaa chini, akauliza, "Chilumba ndiye wewe?" Alikuwa amejibu ukweli aliokuwa nao. Tangu siku hiyo hajanitania tena, na Mngoni asiyemtania Mmwera ni mgonjwa.

Nimeshaacha jeshi, nalima Nandagala. Nimejaribu kumkasirikia mtu, sijampata. Nilikuwa nyuma ya bati, naye yuko hapo nje, na kati yetu lilikuwepo neno moja ambalo kila mtoto niliyesoma naye darasa la kwanza analijua.

Mama mkubwa alimsikiliza Mama Anifa hadi mwisho. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Basi mwanangu amekufa na adabu zake," alisema.

Waombolezaji wakaitikia kwamba kweli, Hassani alifundwa akafundika. Nami niliinamisha kichwa kama wao, kwa sababu yule ni mama yake na hilo ndilo lililomtuliza. Lakini mimi adabu zake sizitaki. Ningependa angepaza sauti mbele ya wanawake wote wa dunia, aniite Makapi, anivue nguo, nitoke nikamtambue.