Reshershi ya Mchele Uliovunjika

Saa tatu na dakika kumi asubuhi afisa wa kilimo wa jimbo alifika kwetu Mikelenge, akakuta vinu vyote vya kukoboa mpunga vimefungwa, changu kikiwemo. Barua aliyoitanguliza ilisema serikali na wenye vinu wafanye reshershi pamoja. Kila aliyeisoma alificha mafuta yake. Wakati wa vita, reshershi ilikuwa askari mlangoni, wakipekua nyumba kutafuta mazuti, dizeli ya vinu vyetu.

Akagonga kwangu. "Baba, fungua. Hii reshershi iko utafiti, ya kutafuta akili, haiko ya mazuti."

Jirani yangu, mama mwenye kinu cha pili, alimjibu kupitia dirisha: "Hata ile ya zamani ilianzaka na salamu, shefu."

Afisa alicheka, nasi tukafungua.

Alieleza kwamba ana dola elfu nne za jaribio moja tu, na sisi ndio tungesema lipi lifanywe. Wenzangu wote walitaka mashini mpya. Mchele wetu ulitoka vipande vipande, wafanyabiashara wakachukua wa kutoka nje. Mimi nilikuwa nimebakiza wateja wanane. Wakipungua tena, nafunga.

Nilileta daftari langu. Nililianza vitani, treni zilipokatika na vipuri vikakosekana. Sikuwa na fundi wa kumwuliza, nikajifunza kutoka kitabu cha mashini kilichopoteza nusu ya kurasa. Kila gunia niliandika lilikaushwa wapi, siku ngapi, na vikombe vingapi vya vipande vilitoka. Mpunga wa kukaushwa siku moja juu ya lami ya moto ulivunjika sana. Ule wa siku tatu juu ya mkeka, kivulini, ulitoka mzima, kwa kinu kilekile kibovu.

Mama jirani alifuata hesabu za vikombe kwa kidole, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunatukana mashini bure. Kosa iko ya jua."

Tukakubaliana: kukausha kwanza. Serikali ingetoa mtaalamu na mabati ya vibanda vya kukaushia, sisi mpunga, vinu na daftari. Mavuno yaliyofuata, mfanyabiashara mmoja wa bandarini aliingiza mkono katika gunia langu, akaugeuza mchele kiganjani, akachukua magunia yote bila kuchambua. Wateja wangu wa zamani walirudi mmoja mmoja. Kinu bado kinafanya kazi.

Mashini mpya haikununuliwa. Katika zile dola elfu nne, zilibaki elfu tatu na mia moja.