Kanzu Haitibu Busha

Nilipokuona Jumanne umevaa kanzu pana, mwanangu, nilikumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita. Mama yako ameninong'oneza kwamba umekubaliwa kupasuliwa busha, na kwamba mkojo nao unakusumbua tangu zamani, ila hilo daktari hajaambiwa. Basi keti. Miguu yangu haipendi safari, lakini mdomo bado una nauli.

Asubuhi ile jirani alinisalimia mlangoni: "Shehe, umeamka salama?" Shehe! Mimi niliyeonekana msikitini Ijumaa tu, tena safu ya mwisho karibu na viatu. Kanzu yangu haikuwa ya uchamungu. Mfuko wa mapumbu ulikuwa umejaa maji, umekuwa papai, na suruali yoyote ingenitangaza mtaa mzima. Walifikia kuniomba niombe dua kwenye matanga. Niliomba fupi.

Vita, Mungu anisamehe, vilinipa kisingizio. Treni imelala, mitumbwi inaogopa mto, wenzangu wamekimbilia machimbo ya Kama kutafuta dhahabu, na mimi nakaa nyumbani, kazi pekee niliyoifanya kwa bidii maishani. Lakini mkojo ulininyima raha. Ulitoka kwa matone, unaunguza kama pilipili. Siku moja uligoma kabisa, muuguzi akaniingizia mpira kuutoa, nami nikapiga yowe hadi askari wa bariera, kile kizuizi cha barabarani, wakashika bunduki. Tangu hapo nikapunguza kunywa maji. Niliona hiyo ndiyo akili, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari.

Ndipo wapasuaji wakafika kwa ndege, wanatibu mabusha hospitali. Nikakubaliwa. Ila nilisikia mtu wa Pangi amerudishwa kwa sababu ya mkojo mchafu, nikaapa langu nitalifunga mdomoni. Nani alijua kama ndege nyingine itakuja?

Jioni akaja Mjomba Ramazani, kaka wa mama yangu, ameniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yeye ndiye aliyeosha maiti za wanaume wa msikiti wetu. Kila mwanaume wa mtaa, tajiri kwa maskini, alipita mikononi mwake mara moja.

"Na ile mukojo, umeambia munganga?"

"Hapana, Mjomba. Yeye anapasua busha. Mukojo njo mambo ingine."

Alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Mambo ingine! Nyumba yako iko na vyumba viwili, ukuta mumoja. Unaita fundi apake chokaa huku, na huku kunavuja, unamuficha? Bibi-arusi wetu huyu!"

Nikacheka kidogo. Yeye akaacha kucheka.

"Sikia, mutoto ya dada yangu. Miye naosha wanaume wa hii mji. Wale wote walikuwa wanajificha, nimeona yao. Iko wenye walikufa na kitu kidogo chenye munganga angetengeneza, sababu ya haya. Wakilala mbele yangu, haya hawana tena. Miye njo naona haya kwa ajili yao. Sasa hiyo kanzu utaivua mbele ya nani? Munganga, ao miye? Chagua. Miye sina haraka."

Mwanangu, sombe lile sikulionja.

Kesho yake nilimwambia daktari kila kitu. Naye, ili nijue Mungu ana mzaha, alikuwa mwanamke, rika la dada yangu. Nilisema nikitazama dirisha. Akapima mkojo, akatikisa kichwa: "Umefanya vizuri kusema. Ningekupasua hivi, uchafu huu ungeweza kuingia kwenye kidonda, na mkojo ungeweza kuziba tena." Akanipa dawa, akaniamuru ninywe maji, akaniambia siku zile hatanigusa. Ndege ikaondoka bila kunipasua. Nilirudi na papai langu, na jirani akanipa pole ya kishehe.

Lakini kuunguza kukaisha. Miezi kadhaa baadaye daktari wetu wa hapa hapa, aliyekuwa amesimama karibu na wale wageni akijifunza, alinipanua kwanza njia ya mkojo iliyosinyaa. Ilipotulia, akatoa maji ya busha, akapunguza ngozi iliyolegea, akaushona mfuko vizuri kuliko suruali zangu zote. Walipotoa mpira wa mkojo walioniwekea, nilisimama nyuma ya wodi nikakojoa kwa mfululizo, kwa kelele, kama mvua juu ya bati. Nikalia, mwanangu. Mtu mzima analia kwa furaha ya mkojo! Ushehe wangu ukaishia hapo.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo kabla hujalala kwenye meza ile, mwambie daktari yote: kuunguza, matone, damu kama iliwahi kutoka, mpira kama uliwahi kuwekwa. Akisema subiri, subiri, na wala usione umefukuzwa. Kunywa maji. Na ukiogopa kusema peke yako, nitakusindikiza mpaka mlango wa daktari, na wewe unajua mimi kutoka nje ya uzio huu ni jambo la kutangazwa msikitini.

Mwenyezi Mungu akufungulie kilichoziba, akupunguzie kilichojaa, aubariki mkono utakaokushona, na akurudishe kwa mama yako ukitembea wima. Amina.