Kondo la Nyuma, Ukurasa wa Tisa

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili rasimu ya sera ya serikali kuhusu utafiti wa tiba zinazoifanya nyama ya mwili iote upya. Niliifanyia nyumbani kwetu Old Kampala, na sikutulia hata siku moja: naandika mstari, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Mama, mkunga mstaafu, alikuwa sebuleni ameinua mguu wenye kidonda cha kisukari kilichokataa kupona. Kwa ajili ya mguu ule, nilitaka sera ipite hata kesho.

Ukurasa wa tisa ukanisimamisha. Uliruhusu watafiti kuchukua kondo la nyuma hospitalini bila kumuuliza mzazi, kwa kuwa ni taka. Taka! Katika mji ambao majirani zetu Baganda huliita pacha wa mtoto na kulizika chini ya mgomba? Nilimsomea Mama kwa hasira, nikingoja naye awake.

Hakuwaka. Aliuliza kama kondo hilo lingeweza kutibu kidonda kama chake. Nikamwambia ndicho wanachotaka kujua.

“Basi walichukue,” akasema. “Lakini waombe. Miaka yote ile wodini, sikumbuki mzazi niliyemwomba kwa adabu akaninyima kitu.”

Nikarudi mezani. Nilikuwa nimeajiriwa kutafsiri, si kusahihisha. Nikaandika taka, kama walivyoandika wao, na mpaka leo, nikimfunga Mama bendeji, siwezi kumtazama usoni.