Mtoto Asiyesumbua

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, siku mama mkwe wangu alipomfungua mtoto wangu Nestori nguo zote juani, mbele ya majirani, nami nikataka kupigana naye. Ndiyo, kupigana. Usinione hivi nilivyojikunyata. Wakati ule nilikuwa msichana mwenye ulimi wa pilipili.

Tulikuwa kambini, huku Ngara, chini ya turubai. Tulikimbia vita Burundi, nami nilikuwa na mimba. Kabla ya kuvuka mto Ruvubu tulijificha kwenye matete, wanawake wengi na watoto wetu, huku watu wenye silaha wakipita barabarani juu yetu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Sitakueleza zaidi, maana wewe unanyonyesha. Jua tu kwamba tangu hapo sisi wanawake tuliamini kuwa mtoto mwema ni yule asiyesikika.

Mwendo ule uliniumiza. Nestori wangu alizaliwa wa miezi saba, mwekundu, mwembamba, nikamlea kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyonielekeza hospitali ya kambi. Akaishi. Lo, nilivyojivuna! Halii ovyo, hapigi mateke, hatupi blanketi. Nikimlaza hivi, narudi namkuta hivyo hivyo. Majirani wakipita wanasema, "Huyu anajua kwamba ni mkimbizi. Hasumbui hata kidogo." Nami nacheka, nazidi kumkaza kitenge, namweka mgongoni, naenda zangu foleni ya chakula.

Mama mkwe alizaa wengi na kuzika wengi. Wenzake waliposifu, yeye aliinama kumtazama mtoto mikono. Asubuhi hiyo alitandika mkeka nje, akamfungua Nestori, akamlaza chali. Ukihesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, alikuwa amefika miezi mitatu hivi, umri ambao mtoto akiwa macho mwili wake hautulii: viganja vinajizungusha, vidole vya miguu vinachezacheza, shingo huku na huku. Nestori alikuwa macho, ameshiba, anatazama juu. Mkono wake ukiinuka ulikwenda mzima mzima kama mwiko, kisha ukatua. Basi.

"Mama, mfunike," nikasema. "Ataanza kulia, watu watusikie."

"Watusikie akina nani?" akaniuliza. "Vita tuliviacha ng'ambo ya mto. Wewe ndiye bado unamfunga navyo mwanao."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia anamchuria mjukuu wake, anatafuta kilema pasipo na kilema. Alinisubiri nimalize, maana alijua nitachoka.

"Nimezaa, na sijaona mtoto mzima akatulia hivi," akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyanyuka, twende hospitali."

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Naye alimlaza chali, akaketi tu akimtazama bila kumgusa, mpaka nikaona anatupotezea muda. Kisha akanieleza kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao huwatazama hivyo, kwa kuwa kule kujichezesha mwili ni kazi ya ubongo. Kukikosekana, huenda mtoto akachelewa kukaa, kutembea, hata kushika masomo. "Huenda, mama," akarudia. "Sijasema lazima." Akasema asifungwe kutwa, alazwe mkekani, achezeshwe, asemeshwe, na nimrudishe wamtazame tena.

Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa yapo mawingu yanayopita. Yangu, mwanangu, hayakupita.

Tulifanya yote tuliyoambiwa. Bibi yake alimwimbia Kirundi mpaka sauti ikamkauka, akimkuna nyayo, akimgeuza ubavu huu na ubavu ule. Nestori alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na neno lake la kwanza lilitoka wenzake wakiwa tayari wanatumwa dukani. Shuleni alikaa darasa la kwanza mpaka magoti yakawa yanagonga dawati. Watu wana methali yao, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wangekuja kwangu wakanionyesha mahali nilipokosea kumlea! Nililia sana miaka ile, tena bila kujificha.

Sasa tunakaa huku kijijini Nyarubungo, na Nestori ni mwanamume mwenye ndevu. Analima vizuri ukimwanzishia mstari. Ukimtuma chumvi na sabuni kwa pamoja, anarudi mikono mitupu, analia. Bibi yake tulimzika zamani, lakini kila jioni Nestori huniuliza kama bibi amekwisha kula. Namjibu amekula, naye anaridhika, anavuta sahani yake. Nikiondoka mimi atamuuliza nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi wewe uliyejifungua kabla ya siku zako, nisikilize. Wakikuambia mtoto wako mpole, hasumbui, usiharakishe kushukuru. Mfungue. Mlaze chali akiwa ameshiba na yuko macho, ukae umtazame mikono na miguu. Ukimwona ametulia kupita kiasi, mpeleke kliniki, hata kama moyo hautaki, hata kama aliyekuambia ni mama mkwe usiyepatana naye. Na wakikupa neno zito, usimzike mtoto angali hai. Kambini niliwaona waliosikia "huenda" wakaacha kumsemesha mtoto, wakamlaza pembeni ya hema wakingoja, na watoto wale walizidi kufifia mbele ya macho yetu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na huyu ndiye anayelelewa zaidi ya wote. Wangu hajui kuhesabu, ila anajua nampenda, na akiimba shambani majirani wananijia. Ati nimwambie apunguze sauti. Thubutu!

Mungu akupe mtoto wa fujo, mwanangu, mtupa blanketi, mnyima usingizi. Na akikupa aliyetulia, akupe pamoja naye kinywa kisichochoka kumsemesha, na akuwekee mtu mwema wa kumjibu jioni ile ambayo wewe hutakuwepo. Amina.