Orodha Niliyoinakili Bila Kupanda Mlima

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu milimani, juu ya mji wa Bwera, asubuhi niliyosoma majina na wafu wakaniitikia. Kaa vizuri, mwanangu. Sikuambii ili nikutishe. Nakuambia kwa sababu umepata kazi ya kalamu, na mimi pia nilianza na kalamu.

Nilikuwa kijana, karani wa kodi katika ofisi ya gombolola, yaani tarafa yetu, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Mapigano ya milimani yalikuwa yamepoa kidogo. Watu walikuwa wakitoka mafichoni, na serikali ilirudi ikakuta zahanati imechomwa na daraja limekatwa. Kasha la gombolola halikuwa na kitu. Chifu wetu, mtu mpole ila mwenye haraka, akanituma nipande kijiji kwa kijiji nikaandike kila mwanaume wa kulipa kodi, apate kujua atajenga kwa kiasi gani.

Sikupanda. Njia ilikuwa matope, na watu walisema msituni bado kuna bunduki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi nilikitaka nikiwa nimekaa kitini. Nilifungua kabati, nikatoa orodha ya kabla ya vita, nikainakili jina kwa jina kwa mwandiko mzuri. Chifu aliusifu ule mwandiko. Kwa orodha hiyo akapanga matumizi yake, akachukua mabati kwa mkopo kwa Hajji mmoja, mfanyabiashara wa Kasese.

Kisha nikatumwa na askari wawili kwenda kukusanya.

Kijiji cha kwanza kilikuwa juu sana. Tulifika saa nne asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito hata sikuona viatu vyangu. Kilichonishtua kwanza ni kimya. Hapakuwa na mbwa wa kubweka, wala jogoo. Ndizi zilikuwa zimeivia mgombani hadi zikaoza, kana kwamba hakuna aliyethubutu kuzikata. Lakini nilinusa moshi, kwa hiyo nilijua watu wapo.

Yule askari mkubwa akasema, "Karani, soma."

Nikasoma, "Baluku."

Kutoka ndani ya ukungu sauti ikajibu kwa Kiswahili cha milimani, "Iko," yaani yupo.

Nikasoma Masereka. Iko. Nikasoma jina la Kule. Iko. Kila jina liliitikiwa, kila mara kutoka upande mwingine, na sauti zote zilikuwa nyembamba. Hakuna aliyejitokeza. Askari mdogo alianza kurudi nyuma taratibu. Mimi nilifika kwenye jina la Bwambale, mfua vyuma, na nywele zikanisimama. Bwambale aliuawa mwanzoni kabisa mwa vita. Habari zake niliwahi kuzisikia sokoni Bwera. Nisikufiche, mwanangu: nilipokuwa nalinakili jina lake nilijua amekufa, na mkono wangu haukusimama.

"Bwambale," nikasema.

"Iko."

Ukungu ukapungua kidogo, nikawaona. Walikuwa wanawake peke yao, wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, na kila mmoja amevaa koti la mwanaume. Mmoja akanijia, mama mzee aitwaye Masika. Mkononi alikuwa na karatasi ya kodi ya zamani, yenye doa jeusi, na fedha alizopata kwa kuuza mbuzi.

Nikamuuliza bwana yake yuko wapi.

"Iko chini ya migomba hii," akasema. "Wanaume wote beko hapa. Ndiyo maana hatukati ndizi."

"Sasa mama, kwa nini unaitikia jina lake?"

"Mutoto, ni wewe uliandika iko muzima. Nikisema amekufa, mutamukata kwa kitabu, na kesho mutu mwingine atachukua shamba yake. Basi alipe." Akaniangalia. "Lakini wakati uliandika, ulikuja kumuona?"

Askari walipokea fedha, nami nikawaandikia risiti marehemu wote, mmoja baada ya mwingine. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Tulipokuwa tukishuka, mfuko wa fedha zile ulinielemea bega kama jiwe la kusagia.

Siku ya pili nilimweleza chifu kila kitu. Akasema fedha iliyoingia kashani haitoki. Nikamwomba basi nirudi mlimani peke yangu, bila askari. Nilizunguka nyumba kwa nyumba karibu mwezi mzima. Niliandika walio hai, na kila mjane nikamwandika kwa jina lake mwenyewe kuwa ndiye mwenye shamba. Chifu akapiga muhuri, halafu akanifukuza kazi. Sikumlaumu.

Orodha ya kweli ilikuwa fupi mno. Hajji alirudishiwa nusu ya mabati, na zahanati ikaezekwa bati upande mmoja, nyasi upande mwingine. Watoto wengi walizaliwa chini ya nyasi zile. Mimi niliuza baiskeli, nikampelekea Masika thamani ya mbuzi wake. Wengine niliwalipa polepole, kwa kuchuuza chumvi ya Katwe miaka miwili. Masika alipokea, akavua lile koti, akalikunja.

"Sasa apumzike," akasema.

Mwanangu, nchi iliyotoka vitani ina njaa ya fedha, na mwenye njaa hachagui mlo. Wakikuambia ujaze hesabu, nenda kwanza ukamwone mlipaji usoni. Ukiandika jina la marehemu ili kitabu kipendeze, atakayelipa ni mjane wake. Afadhali zahanati ya nyasi kwa hesabu ya kweli. Na ukikosea, usitume mtu akurekebishie, panda mwenyewe.

Mungu akupe miguu isiyochoka kabla ya mkono kuandika, na kila jina utakaloliita maishani mwako, mwenyewe akujibu akiwa mzima.